Matuta ya Uluguru na Raghba ya Mfanya Kazi

Lawama ya uvivu ni nyepesi ulimini, na aghalabu humtoka yule ambaye hajauliza kwanza kazi anayoiamrisha inamfaa nini mtendaji wake, wala anatakiwa kuitenda kwa heshima gani. Milima ya Uluguru, iliyousimamia mji wa Morogoro upande wa kusini, imepata kuishuhudia lawama hiyo ikitolewa na ikikanushwa, tena juu ya kazi ile ile moja ya kuchimba matuta ya ngazi.

Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni, kwa khofu ya mmomonyoko na ya kuharibika kwa mito iendayo Ruvu, iliwaamuru Waluguru, kwa mpango wa matumizi ya ardhi ulioitwa kwa ufupi ULUS, waikate miteremko yao kuwa matuta ya ngazi, na asiyetii akatozwa faini au kufungwa. Khofu yenyewe ilikuwa ya haki. Lakini katika sehemu nyingi za milima ile udongo wenye rutuba ni utando mwembamba tu, na jembe lililochimba ngazi liliufukia na kupandisha juu udongo mfu, hata mkulima aliyetokwa na jasho kuliko wenzake akayaona mahindi yake yamedhoofu kuliko yao. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, katika milima hiyo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafariki, na shuruti ile ikaachwa.

Mwaka 1960 Douglas McGregor, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alitoa kitabu akieleza itikadi mbili za wasimamizi. Ya kwanza, aliyoipa herufi X, hushika kwamba binadamu huichukia kazi kwa tabia yake, kwa hiyo hana budi kusukumwa na kutishwa. Ya pili, Y, hushika kwamba mtu aliyeliafiki lengo hujisimamia mwenyewe. Itikadi ya kwanza haina mfano ulio wazi kuliko Matombo.

Lakini huko Mgeta, magharibi ya milima hiyo hiyo, matuta ya ngazi yalidumu. Mkulima wa Mgeta huyaelekeza maji ya mfereji katika ngazi zake, akapanda kabichi na karoti, akazivuna na kuziosha, na mzigo wake ukapata mnunuzi Morogoro na Dar es Salaam. Victor Vroom aliandika mwaka 1964 kwamba mtu hupima mambo matatu kabla ya kujitolea: je, juhudi yangu itafanikisha kazi, je, kazi ikifaulu nitalipwa, na je, malipo hayo yana thamani kwangu? Mgeta walipata ndiyo mara tatu. Matombo walikwama katika swali la kwanza, maana jasho lao lilipunguza mavuno. Na katika kata ya Kibungo Juu, kwa mradi ulioanzishwa mwaka 2006 na mashirika ya CARE na WWF, wakulima waliohifadhi udongo, kwa matuta na kwa miti, walilipwa fedha na watumiaji wa maji ya Ruvu, na waliingia kwa mkataba, si kwa amri.

Isidhaniwe kwamba fedha peke yake yatosha. Katika mashamba ya mkonge ya Morogoro na Kilosa, zama za ukoloni, kibarua aliyeitwa manamba alipewa kipande, kadi yenye vyumba 30. Chumba kilijazwa kwa kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, na mshahara ukalipwa vyote vikishajaa. Mpango huo ulihesabu siku, haukumhesabu mtu. Frederick Herzberg, aliyewahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh na kutoa kitabu mwaka 1959, alisema kwamba ujira na mwenendo wa msimamizi huondoa manung'uniko tu, bali raghba hutokana na kufaulu, kutambuliwa na kuaminiwa. Naliafiki neno hilo nusu. Wahandisi wale walikuwa wamekwisha kushiba. Mkata mkonge hakuwa ameshiba, na Abraham Maslow alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1943 kwamba mwenye njaa huwaza chakula kabla ya sifa. Ujira wa haki utangulie, na heshima ifuatie pasipo kuchelewa.

Basi nawasihi wenye kuajiri, wa viwandani, wa mashambani na wa ofisini: kabla ya kumwandikia mtu barua ya onyo kwa uvivu, mwiteni, mumwulize maswali yale matatu, na jibu lake mlisikilize mpaka mwisho.