Ukijenga Mji wa Pili, Umeshamgusa Jirani

Mchezo wa kompyuta wa Civilization huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo. Mchezaji hupewa msafara wa walowezi, katika baadhi ya matoleo askari mmoja mwenye rungu, na ramani iliyofunikwa pande zote. Anaanzisha mji mkuu, anatuma skauti, na baada ya zamu chache swali linamkabili ambalo litamfuata hadi mwisho wa mchezo: mji wa pili aujenge wapi?

Wanaofundisha mchezo huu hujibu kwa hesabu. Panuka mapema, wanasema, ardhi ni ya aliyewahi. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba diplomasia huwekwa kando, kana kwamba ni shughuli ya baadaye, ya enzi za mikataba na mabalozi. Nikitazama michezo inayoharibika, mingi huharibika katika zamu 50 za kwanza, na chanzo huwa ni namna mchezaji alivyomsogelea jirani.

Tuchukue toleo la sita, lililotoka mwaka 2016 likiongozwa na mbunifu Ed Beach. Msafara wa walowezi ukiondoka mjini huondoka na mkazi mmoja, na kila msafara unaofuata huwa ghali kuliko uliotangulia. Mji uliojengwa kwenye mto au ziwa huanza na nafasi ya wakazi watano. Wa pwani, watatu. Wa nchi kavu, wawili. Kati ya mji na mji lazima vibaki viraka vitatu vya ramani. Kwa masharti hayo mahali pa maana ni pachache, na jirani naye anapaona. Msafara wako unapotua pale, yeye huutazama kama mwenye shamba anavyotazama vigingi vipya vilivyosimikwa mpakani mwake usiku.

Kabla ya vigingi kuna ujumbe wa heshima. Unagharimu dhahabu 25, na mara nyingi kiongozi anayeendeshwa na kompyuta huupokea akiwa ndiyo kwanza amekutana nawe, moyo wake haujakaza. Wachezaji wengi huona ni fedha ya kutupa. Naona wamekosea sana. Ujumbe huo ni hatua ya kwanza kuelekea tangazo la urafiki, ambalo hudumu zamu 30, na katika muda huo kiongozi wa kompyuta aliyekutangaza rafiki hawezi kukutangazia vita. Mpaka usiohitaji kulindwa huiachia miji yako nguvu ya kutoa walowezi badala ya askari. Upanuzi unalipiwa hapo.

Tena viongozi hawafanani. Gilgamesh wa Sumeri humchukia anayewashambulia rafiki zake, lakini akikukubali ni mwandani wa kutegemewa tangu zamu za awali kabisa. Trajan wa Roma humdharau mwenye eneo dogo, hivyo mbele yake kutanua mipaka ni sehemu ya adabu. Qin Shi Huang wa China hukereka ukijenga maajabu ya dunia. Wapo pia watakaokuja kukutaka uahidi kwamba hutajenga tena karibu nao. Tangu nyongeza ya mwaka 2019, ahadi iliyovunjwa huhesabiwa kama manung'uniko yenye idadi yake, na hufifia polepole.

Wabunifu wamehangaika na bei ya ardhi tangu Sid Meier na Bruce Shelley watoe toleo la kwanza mwaka 1991. Wachezaji waligundua upesi kwamba vijiji vingi vilivyobanana hushinda dola yenye miji michache mizuri. Toleo la tatu likaukaza ufisadi unaoongezeka kadiri mji unavyokuwa mbali na ikulu. La nne likaleta gharama za kuendesha miji, la tano likafanya kila mji mpya upunguze furaha ya taifa zima. Dawa hizo zote zilikuwa za ndani, za mchezaji na hazina yake. Dawa niliyoipenda ni ya Februari 2018, katika nyongeza ya toleo la sita iitwayo Rise and Fall: utii. Kila mkazi wa mji husukuma ushawishi wake hadi viraka tisa, ukipungua kwa umbali. Ukipachika kijiji ubavuni mwa mji mkubwa wa jirani, wakazi wako huanza kumsikiliza yeye, na utii ukifika sifuri kijiji hujitenga. Jirani anakushinda bila kurusha mshale.

Na wapo majirani wasiotaka dola. Miji huru hutawanyika kwenye ramani, na wa kwanza kuufikia mji huru hupata mwakilishi wa bure pale. Zanzibar ni mmojawapo. Ukiwa na wawakilishi watatu au zaidi, na kuwapita wengine wote, Zanzibar hukupa mdalasini na karafuu, bidhaa zisizochimbuka popote kwenye ramani. Bidhaa ya anasa ya kawaida huridhisha miji minne. Hizi huridhisha sita kila moja. Mwenye miji mingi yenye manung'uniko anajua maana yake. Nimefurahi kwamba waliouweka mji huo mchezoni walitambua nguvu yake ilikuwa biashara.

Lakini jambo linalonigusa zaidi limetokea Kanada. Nyongeza hiyo ya 2018 iliwaleta Wacree, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili wa Kanada, wakiongozwa na Poundmaker. Kimchezo ni miongoni mwa mataifa yaliyobuniwa kwa akili nyingi: viraka visivyo na mwenyewe vilivyo karibu na miji ya Wacree huwa vyao mfanyabiashara wao anapovipitia, na Poundmaker mwenyewe hupenda kufunga ushirika na watu wengi iwezekanavyo. Anapanuka kwa njia za biashara.

Hata hivyo Milton Tootoosis, kiongozi katika jamii ya Poundmaker Cree Nation huko Saskatchewan, alilalamika kwamba mchezo unaendeleza dhana kuwa Mataifa ya Kwanza yalikuwa na hamu ileile ya kuteka ardhi za wengine kama wakoloni. Nakubaliana naye. Poundmaker wa historia alidai masharti bora kwa watu wake katika mazungumzo ya Mkataba wa Sita mwaka 1876. Mwaka 1885 jeshi la serikali liliishambulia kambi yake karibu na kilima cha Cut Knife, likashindwa, naye akawazuia wapiganaji wake wasiwafukuze askari waliokuwa wakirudi nyuma. Alihukumiwa kwa uhaini, akafungwa, akafa mwaka 1886. Waziri Mkuu Justin Trudeau alimsafisha jina na kuomba radhi Mei 2019.

Mtu wa namna hiyo anaingizwaje katika mchezo ambao kwa muda mrefu uliiona ardhi kuwa tupu? Vijiji vya makabila viliwekwa ili vikupe zawadi na kutoweka ukivikanyaga. Waliobaki waliitwa washenzi, na kazi yao ilikuwa kuuawa. Hata mwandishi Alan Emrich alipoipa jamii hii ya michezo jina inalotumia hadi leo, mwaka 1993, vitenzi vinne vya jina hilo vilikuwa kuchunguza, kupanuka, kunyonya na kuangamiza. Hakuna kupatana.

Mwaka 2021 toleo la sita lilipata hali ya hiari ambamo koo za hao washenzi zinaweza kulipwa ziache kushambulia, au kukua hadi kuwa miji huru. Toleo la saba, la Februari 2025, limekwenda mbele zaidi: ushawishi umekuwa mali inayokusanywa na kutumiwa katika kila hatua ya diplomasia, idadi ya makazi ina kikomo ambacho ukikivuka wananchi hupoteza furaha, na mataifa huru yaliyokutangulia kwenye ardhi yanaweza kufanywa marafiki tangu mwanzo. Kuyatawanya kwa upanga bado kunaruhusiwa. Ila ushawishi ule ule ndio unaohitajiwa pia kwa jirani mkubwa, kwa hiyo msafara wa pili wa walowezi unapotoka langoni, mchezaji analazimika kuwa ameshaamua ni nani kati ya hao wawili atazungumza naye kwanza.