Petroli ya bei ya juu: Fungua kifuniko cha tangi kabla ya kulipa

WENYE magari wengi huamini kuwa petroli ya bei ya juu ni bora kwa kila injini, kama mchele wa daraja la kwanza unavyokuwa bora kuliko wa daraja la pili. Imani hiyo huviletea vituo vya mafuta fedha nzuri, lakini kwa sehemu kubwa ya magari yanayotembea Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mnunuzi hapati chochote kwa shilingi anazoongeza.

Kinachotofautisha petroli hizo mbili, kwanza kabisa, ni oktani. Oktani haipimi nguvu ya mafuta wala usafi wake. Hupima uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa ndani ya silinda bila kulipuka kabla ya wakati.

Pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Sehemu ya mafuta ikiwaka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, injini hugonga. Dereva husikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, hasa akipanda mlima na mzigo. Hali hiyo ikiachwa iendelee, pistoni huungua au kutoboka, na hapo bili ya fundi hupita tofauti ya bei ya petroli ya miaka kadhaa.

Injini inayobana sana, au yenye tabo, yaani feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, huhitaji oktani kubwa. Injini inayobana kwa kiasi ikipewa oktani hiyo haiongezi mwendo wala haipunguzi ulaji wa mafuta, kwa kuwa hapakuwa na kugonga kwa kuzuia.

Kwa nini basi imani hii imeshika mizizi? Sababu moja ni historia. Zamani vituo vya Afrika Mashariki viliuza petroli ya kawaida na super, na magari mengi ya wakati huo hayakuwa na kompyuta ya kujirekebisha. Aliyeweka mafuta hafifu aliisikia injini ikigonga, akalazimika kumwita fundi arudishe taimingi nyuma kwa mkono. Super ilikuwa ahueni ya kweli kwa wengi.

Magari ya leo yana kihisi kinachosikia mgongo wa kwanza na kuchelewesha cheche papo hapo. Aidha, neno lenyewe limebadilika maana. Nchini Kenya, orodha ya bei kikomo inayotolewa kila tarehe 14 ya mwezi na mamlaka ya nishati, EPRA, ina petroli moja tu, nayo inaitwa super. Anayesema "mimi natumia super tu" anatumia mafuta yale yale ya jirani yake mwenye pikipiki.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye namba. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi za dunia ni RON. Petroli yenye RON 95 huvumilia kubanwa sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya kimiminika kiitwacho isooktani na asilimia 5 ya heptani. Marekani hawaandiki RON kwenye pampu. Wao huandika wastani wa vipimo viwili, ambao hutoka mdogo zaidi. Petroli yao ya kawaida ya 87 inakaribia RON 91 au 92, na ile ya 91 inakaribia RON 95 au 96.

Kwa hiyo mtu aliyeagiza gari kutoka Marekani lenye maandishi "91" akadhani ameridhika na RON 91, amekosea, tena upande ulio hatari. Gari lililotoka Dubai halina shida hiyo, maana kule pampu huonyesha 91, 95 na 98, zote kwa kipimo cha RON.

Lakini gari la kawaida katika soko letu hutoka Japan, na hapo ndipo mnunuzi anaweza kuokoa fedha nyingi. Kiwango cha Japan kinataka petroli ya kawaida iwe na RON isiyopungua 89, na ile ya juu isiyopungua 96. Toyota Vitz, IST, Premio na Probox, magari yanayojaza barabara zetu, yaliundwa kunywa ile ya kawaida. Mwenye IST anayelipia petroli ya bei ya juu anakitunza kituo cha mafuta, si gari lake.

Wako wanaohitaji kweli. Subaru Forester na Impreza zenye tabo ni mfano ulio wazi. Mark X ni mfano wenye utata, na madalali wengi hawausemi: ile ya kwanza yenye injini ya lita 2.5 iliandikiwa petroli ya juu, lakini toleo lililoanza mwaka 2009, kwa ukubwa huo huo wa injini, likaandikiwa ya kawaida. Jina la gari peke yake halitoshi. Jibu liko kwenye kibandiko nyuma ya kifuniko cha tangi au ndani ya kitabu cha gari, na kama kimeandikwa Kijapani inafaa kumtafuta mtu wa kukisoma kabla ya kulipia gari, si baada ya kulitoa bandarini.

Maneno ya kitabu nayo yana uzito tofauti. Kikisema petroli ya juu "inapendekezwa", injini itavumilia ya kawaida kwa kupoteza nguvu kidogo. Kikisema "inatakiwa", tofauti ya bei ni sehemu ya gharama ya kumiliki gari hilo na haifai kubanwa.

Gharama hiyo si ndogo. Chukua mfano wa gari linalotumia lita 40 kwa wiki, na tuseme pampu ya juu imezidi ya kawaida kwa Sh 150 kwa lita. Hiyo ni Sh 6,000 kwa wiki, au Sh 312,000 kwa mwaka. Kwa teksi inayojaza lita 100 kwa wiki, ni Sh 780,000. Kwa mwenye Vitz fedha hizo zinaweza kununua matairi. Kwa anayetafuta Subaru ya bei poa mnadani, zinapaswa kuongezwa kwenye bei kabla ya kusema ni poa.

Kosa hili si la maskini wala la wasiosoma. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilikadiria kuwa madereva wa nchi hiyo walikuwa wamepoteza zaidi ya Dola bilioni 2.1 katika miezi 12 kwa kununua petroli ya juu kwa magari yaliyoundwa kutumia ya kawaida.

Wauzaji hujitetea kwamba mafuta yao ya juu yana dawa za kusafisha injini. Dawa hizo zipo na zinafanya kazi ya kuzuia masizi kwenye vali na sindano za mafuta. Hata hivyo, dawa na oktani ni vitu viwili. Mteja ana haki ya kumuuliza mhudumu namba ya RON ya kila pampu. Akijibiwa "hii ni kali zaidi", hajajibiwa.

Mwinuko wa mahali nao una nafasi yake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hubana hewa kidogo kuliko Mombasa. Ndiyo maana Afrika Kusini huuza 93 maeneo ya bara kama Johannesburg, wakati pwani hutegemea 95. Gari lililokuwa kimya Nairobi linaweza kuanza kugonga likishuka pwani na abiria watano.

Hata hivyo, likianza kugonga ghafla bila kuhama mji, wa kushukiwa kwanza ni mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na yakichanganywa kwenye petroli hata injini ya kawaida hulalamika. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili faida ya kuchanganya ife. Kenya ikaweka tozo ya Sh 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo hilo hilo. Kuhamia petroli ya bei ya juu katika kituo kile kile hakutibu tatizo hilo. Kinachofaa ni kubadili kituo, kutunza risiti na kupeleka malalamiko EWURA au EPRA.

Kwa anayeagiza gari wiki hii, swali la kumtumia wakala ni moja, na alitume pamoja na picha ya upande wa ndani wa kifuniko cha tangi: gari hili linatakiwa petroli gani, na kwa kipimo kipi?