Miwani ya kugeuka rangi na baridi ya Ngorongoro

Wadau, mnaijua ile miwani ambayo ndani ya nyumba ni nyeupe, ukitoka juani inageuka nyeusi? Sasa sikilizeni. Dereva wa utalii kasimama pale ukingoni wanapotazamia kreta. Jua kali, baridi kali, wageni wanapiga picha. Anarudi kwenye gari, anaelekea geti la Lodoare. Kaingia msituni, ukungu umeshuka, na miwani bado nyeusi tii! Kulikoni?

Siri imo ndani ya lenzi. Plastiki yake ina molekuli za rangi ambazo zikiwa zimejikunja hazionekani. Mionzi ya urujuanimno, ileile inayounguza ngozi, ikizipiga, kifungo kimoja kinakatika, molekuli inajikunjua na kuanza kumeza mwanga. Ndiyo weusi unaouona. Ukiondoka juani, joto ndilo linalozikunja tena.

Ila zinahitaji nafasi. Plastiki ngumu ni minyororo mirefu iliyogandana ovyo ovyo, imebana. Hebu jaribu kufungua mwavuli ndani ya Hiace iliyojaza! Kwa hiyo watengenezaji wengi huzitia molekuli hizo kwenye tabaka laini zaidi juu ya lenzi, zipate pa kujigeuza.

Sasa njoo kwenye baridi. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Joto likiwa dogo, molekuli zinachelewa kujikunja, kwa hiyo miwani inakuwa nyeusi zaidi na inakawia kurudi. Ipeleke Dar mchana: joto linazikunja huku jua linazifungua, haiwi nyeusi kihivyo. Miwani ni ileile!

Kwa hiyo dereva, ukitoka juani kwenye baridi, vua au subiri dakika chache kabla ya kuingia kwenye ukungu. Na usiitegemee sana ukiwa kwenye usukani, maana kioo cha mbele kinazuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, haigeuki vizuri.

Unanunua mnadani? Ziba nusu ya lenzi kwa karatasi, iweke juani dakika mbili. Ukiondoa karatasi, nusu iliyozibwa iwe nyeupe. Kama zote sawa, ndugu yangu, umeuziwa plastiki tu.

Mdau aliyewahi kukwama na miwani nyeusi kwenye ukungu atupe uzoefu wake hapo chini.