Kipa akianza kuchelewa, usiangalie miguu tu

UNAIKUMBUKA jezi ya kijivu ya Manchester United? Aprili 13, 1996, vijana wa Alex Ferguson walitua kwa Southampton wakiwa kwenye mbio za ubingwa. Hadi mapumziko walikuwa wameshachapwa 3-0. Kipindi cha pili wakarudi uwanjani na jezi za bluu na nyeupe, Ryan Giggs akafunga moja, mechi ikaisha 3-1.

Ferguson alisema wachezaji wake walishindwa kuonana kwa sababu jezi zilikuwa zinamezwa na mashabiki jukwaani. Watu walicheka sana. Lakini jezi ile ilivaliwa mechi tano bila ushindi hata mmoja, ikatupwa.

Sasa jiulize: kama vijana wenye macho makali walipata tabu, vipi kipa wa miaka 40?

Ishu hapa ni kontrasti, yaani uwezo wa jicho kutenganisha kitu na kilicho nyuma yake. Shusha kontrasti ya runinga yako uone: mpira bado upo, ila unapotelea kwenye majani.

Uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosogea. Kwa wengi, mabadiliko huanza kuonekana kwenye miaka ya 40, na kwenye mwanga hafifu hali huwa mbaya zaidi. Mboni ya jicho hupungua upana, lenzi huwa ya njano na kuanza kutawanya mwanga. Inakadiriwa jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20.

Ndiyo maana kuna mzee anayesoma gazeti bila shida mchana, lakini jua likizama anauliza, "Mpira uko wapi?" Hajaacha kuujua mpira. Picha imempaukia.

Tatizo ni kwamba kipimo cha kawaida kinaweza kulikosa jambo hili. Ule ubao wa herufi hospitalini una herufi nyeusi tii kwenye weupe, zinazozidi kuwa ndogo. Kuna ubao mwingine, wa Pelli-Robson, uliotoka mwaka 1988. Wenyewe herufi zake zote zina ukubwa mmoja, ila zinafifia tatu tatu hadi zinapotea. Huo ndio unaofanana na kuusaka mpira jioni yenye ukungu.

Hii haina maana kipa mkongwe amekwisha. Dino Zoff alibeba Kombe la Dunia 1982 akiwa na miaka 40. Essam El-Hadary wa Misri alidaka penalti ya Saudi Arabia mwaka 2018 akiwa na miaka 45, ingawa walilala 2-1. Kipa mzoefu husoma nyonga na mguu wa mpigaji kabla mpira haujaondoka. Uzoefu unalipa deni la macho.

Lakini kuna deni ambalo uzoefu haulipi. Mtoto wa jicho na presha ya macho navyo huiua kontrasti, na presha ya macho huja kimyakimya. Edgar Davids ilimkuta akiwa katikati ya miaka ya 20. Alifanyiwa upasuaji mwaka 1999, akarudi na ile miwani yake maarufu, akacheza Euro 2000 na miaka mingine kibao.

Kwa hiyo kipa wenu akianza kufungwa mashuti ya mbali mechi za usiku tu, kabla hamjamzomea kwamba kazeeka, mpelekeni akapimwe macho. Na wewe shabiki uliyevuka 40, unayesogeza kiti karibu na runinga kila wiki, nenda naye. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Presha ya macho ikiwahiwa huzuiwa isiendelee. Ikichelewa, kilichopotea hakirudi.