Vipuri vya Pikipiki: Dalili za Kuchakaa na Wakati wa Kuvibadilisha

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, pikipiki humfikisha mjamzito hospitalini, mwalimu shuleni, na gunia la korosho kwenye ghala la chama cha msingi. Chombo chenye dhamana hiyo hakipaswi kusubiriwa kiharibike njiani ndipo kipelekwe kwa fundi.

Kipindi kinachohitaji uangalifu zaidi ni miezi ya mwisho wa mwaka. Minada ya korosho huanza mwezi Oktoba, pikipiki zikabeba mizigo mizito kwenye vumbi la kiangazi. Muda mfupi baadaye mvua huanza, na vipuri vilivyosagwa na vumbi hukutana na utelezi. Ukaguzi ufanywe kabla ya hapo. Sehemu kubwa ya ukaguzi huo haihitaji vifaa vya gereji.

Breki

Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi za bodaboda hutumia breki shuu zilizomo ndani ya kitovu cha gurudumu, hivyo uchakavu wake hauonekani kwa macho. Hata hivyo, aina nyingi zina kishale kidogo nje, kwenye mkono unaovutwa breki inapokanyagwa. Breki ikikanyagwa hadi mwisho na kishale kikavuka alama iliyowekwa, breki shuu zibadilishwe. Vilevile, nati ya kurekebishia ikiwa imekazwa hadi hakuna nafasi iliyobaki, kuikaza zaidi si matengenezo. Sauti ya chuma kusaga chuma maana yake kipuri kimekwisha kabisa na sasa kinakula kitovu chenyewe, ambacho bei yake ni kubwa kuliko ya breki shuu.

Cheni na spoketi

Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa na gia ikiwa huru, cheni isukumwe kwa kidole katikati ya upande wake wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni hucheza kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha mtengenezaji. Gurudumu lizungushwe taratibu na kipimo kirudiwe. Ikiwa cheni inabana mahali pamoja na kulegea mahali pengine, imechakaa bila kulingana, na kuikaza hakutasaidia.

Kipimo cha pili ni kuivuta cheni kwa nyuma, mahali inapozunguka spoketi kubwa. Ikiachana na spoketi hadi nusu ya jino ikaonekana, imerefuka kupita kiasi. Meno ya spoketi nayo yatazamwe: yakiwa yamechongoka au kujipinda upande mmoja, muda wake umekwisha. Cheni na spoketi zote mbili hubadilishwa kwa pamoja, kwa kuwa cheni mpya juu ya meno yaliyolika huharibika upesi. Cheni ikichomoka katika mwendo inaweza kulifunga gurudumu la nyuma na kuwaangusha dereva na abiria wake.

Tairi na beringi

Ndani ya mifereji ya tairi huwa na vinundu vidogo. Mahali vilipo huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI au pembetatu ndogo. Kashata za tairi zikilika hadi kulingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, hata kama bado linashika kwenye barabara kavu. Kwenye tope litateleza. Tairi lenye uvimbe au nyufa libadilishwe pia, hata kama kashata zake ni nzima. Kwa anayenunua, tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni hueleza lilitengenezwa lini: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Gurudumu likiwa limeinuliwa, litikiswe kushoto na kulia. Likicheza, beringi zake zimechoka. Kwa usukani, ncha za chini za fomu zivutwe mbele na nyuma. Mgongano unaosikika shingoni ni dalili ya beringi zilizolegea au kulika.

Klachi na injini

Injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka, hasa kwenye kilima, kwanza urefu wa waya wa klachi urekebishwe. Hali ikiendelea, pleti za klachi zimelika. Nyuzi zikianza kukatika karibu na mkono wa klachi, waya ubadilishwe kabla haujakatika porini. Moshi wa buluu usiokoma huonyesha kwamba oili inaungua ndani ya injini. Fundi aione mapema. Oili nayo imwagwe kwa wakati, na mapema zaidi kwa chombo kinachobeba mizigo kwenye vumbi.

Gharama ni ya nani?

Vipuri vingi huchelewa kubadilishwa si kwa kutofahamu dalili, bali kwa kuwa dereva anamsubiri mmiliki, naye mmiliki anasubiri hesabu ya siku. Inashauriwa makubaliano yao yaandikwe: nani analipia oili na marekebisho madogo, nani analipia tairi, cheni na breki, na kiasi gani kitengwe kila wiki kwa ajili hiyo. Dereva aliyetoa taarifa ya breki mbovu asilazimishwe kuingia barabarani ili hesabu itimie. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu chombo kibovu kutumika barabarani.

Wakati wa kununua, kipuri cha zamani kipelekwe dukani kwa kulinganishwa, na risiti idaiwe. Baada ya matengenezo, mwenye chombo aombe kuonyeshwa kipuri kilichotolewa.

Abiria hana nafasi ya kufungua gurudumu na kutazama breki kabla ya kupanda. Anategemea kwamba dereva na mmiliki wamekwisha kufanya hivyo kwa niaba yake.