Kumbukumbu ya Ruta na Mipaka Yake

Mitandao ya kompyuta huunganishwa na mitambo iitwayo ruta. Ile iliyowekwa ukingoni, pale ambapo mtandao wa kampuni moja hukutana na mitandao ya wengine, hubeba mzigo wa pekee, kwani aghalabu haina budi kuijua njia ya kufikia kila mahali duniani.

Wengi hudhani kwamba uwezo wa ruta hutegemea nyaya zake. Ugumu wenyewe umo katika muda. Habari husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila pakiti na anwani yake. Mlango mmoja wenye kasi ya biti bilioni 100 kwa sekunde waweza kupokea pakiti ndogo kabisa zipatazo milioni 149 katika sekunde moja. Maana yake ni kwamba kila baada ya nanosekunde 6.7, muda ambao mwanga husafiri mita mbili tu, njia ya pakiti moja lazima iwe imepatikana.

Kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa kuisoma mara moja tu huchukua makumi ya nanosekunde. Tena kutafuta kwenyewe si kwepesi. Karani wa posta mwenye barua ya Muheza, akiwa na mfuko wa "Tanga" na mwingine wa "Muheza, Tanga", huitia katika huo wa pili. Ruta nayo, miongoni mwa njia zote zinazolingana na anwani, huchagua iliyo mahususi kuliko zote.

Katika ruta nyingi wahandisi walitumia kumbukumbu ya namna nyingine. Hii haiulizwi chumba fulani kina nini, bali huulizwa ni chumba kipi chenye kitu fulani, na vyumba vyote hujibu kwa mkupuo mmoja. Lakini kila chumba chahitaji saketi yake ya kulinganisha. Kwa hiyo kumbukumbu hiyo ni ghali, hula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Ndiyo sababu hutiwa kwa kipimo.

Tarehe 12 Agosti 2014 kipimo hicho kilijaa. Kampuni moja ya Marekani ilitangaza kwa muda mfupi njia zipatazo 15,000 za ziada, na jedwali la njia za intaneti likavuka 512,000, kiasi ambacho ruta nyingi za zamani zilikuwa zimetengewa. Sehemu mbalimbali za intaneti zilizorota, ingawa nyaya zilikuwa nzima. Katika baadhi ya ruta hizo dawa ilikuwa kuigawa kumbukumbu upya, kwa kuzipunguzia nafasi anwani za aina mpya, kisha kuuzima mtambo na kuuwasha tena.

Siku hizi jedwali hilo lina njia zaidi ya 900,000 za anwani za aina ya zamani peke yake. Njia za aina mpya huhesabiwa kando, na kila moja huhitaji nafasi kubwa zaidi.