Usanifishaji wa Kurasa za Wavuti na Tatizo la Vivinjari

Mwalimu wa lugha aandikaye matini na kuiweka katika wavuti aghalabu hudhani kwamba kila msomaji ataiona kama yeye mwenyewe aionavyo. Sivyo. Ukurasa wa wavuti haupigwi chapa mara moja kisha ukasambazwa kama kitabu. Kinachosambazwa ni maagizo, na kila kompyuta huyafasiri upya kwa programu iitwayo kivinjari. Vivinjari viwili vikiyafasiri maagizo yale yale kwa njia mbili, wasomaji wawili hupata kurasa mbili, na huenda mmoja wao asiweze kusoma chochote. Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu hiyo na njia zilizopatikana za kuiondoa.

Wavuti ilitokana na pendekezo la Tim Berners-Lee, alilolitoa mwaka 1989 katika kituo cha CERN karibu na Geneva. Lugha yake, HTML, ilikusudiwa kueleza muundo wa matini: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Sura ya maandishi haikuwa kazi yake. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza lugha ya pili, CSS, ishughulikie sura peke yake, na mwaka huo huo likaundwa shirika la W3C la kusimamia kanuni. Toleo la kwanza la CSS lilikamilika Desemba 1996. Lakini makampuni hayakungoja. Netscape Navigator na Internet Explorer vilikuwa katika mashindano makali, kila kimoja kikijiongezea lebo zake ambazo mwenzake hakuzitambua. Ilipofika 1998 baadhi ya waundaji wa kurasa walianzisha Web Standards Project ili kuyashinikiza makampuni yazifuate kanuni.

Hali hiyo haitamshangaza mtu aijuaye historia ya Kiswahili, tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioichagua lahaja ya Unguja hadi kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Hata hivyo ulinganisho huu una mpaka wake. Wapo hadi leo wanaosikitika kwamba Kimvita hakikuchaguliwa, nao wana sababu zao. Hakuna anayeililia lebo ya Netscape iliyofanya maneno yawake na kuzimika.

Mfano maarufu zaidi wa hitilafu za wakati huo ni ule wa kisanduku. Kwa mujibu wa CSS, kila sehemu ya ukurasa ni kisanduku chenye maneno katikati, nafasi tupu kuyazunguka, ukingo, na pambizo nje ya ukingo. Kanuni ilisema kwamba upana unaotajwa ni wa maneno peke yake. Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu nafasi na ukingo kuwa ndani ya upana huo. Tuseme upana umetajwa kuwa pikseli 200, nafasi 20 kila upande, na ukingo 5 kila upande. Kwa kanuni, kisanduku kizima huwa na pikseli 250. Kwa Internet Explorer 5 kilibaki 200, na maneno yakabanwa katika 150. Visanduku viwili vya namna hiyo vilivyopangiwa nafasi ya pikseli 400 vilikaa sambamba katika kivinjari hicho. Katika kivinjari kilichofuata kanuni, cha pili kilishuka chini ya cha kwanza na ukurasa ukavurugika. Ajabu ni kwamba waliokosea hawakukosa mantiki. Baadaye CSS yenyewe iliongezewa agizo la kumruhusu mwandishi achague hesabu ile ya zamani, na waundaji wengi leo huichagua.

Dawa ya kwanza ilikuwa hila. Tantek Çelik alibuni namna ya kuandika agizo ambalo Internet Explorer 5 ililikosea katikati na kuacha kusoma, ikabaki na kipimo kilichokusudiwa kwake, huku vivinjari vingine vikiendelea hadi kipimo sahihi. Hila ilifaa, ila ilijengwa juu ya kosa, na kosa likirekebishwa hila hupoteza maana. Dawa bora zaidi ilikuwa tamko la DOCTYPE, mstari mmoja juu ya ukurasa unaotaja kanuni inayofuatwa. Kuanzia Internet Explorer 5 ya Macintosh mwaka 2000, na ya 6 katika Windows mwaka 2001, kivinjari kilipoliona tamko lifaalo kilihesabu kwa kanuni. Kilipolikosa kilirudia mazoea ya zamani. Hivyo kurasa nzee hazikuharibika, na mpya zikapata sheria moja.

Njia moja ilionekana rahisi nayo ikapotosha wengi: kukiuliza kivinjari jina lake, kisha kukipa ukurasa wake. Internet Explorer ilijiita Mozilla ili isinyimwe kurasa zilizotayarishwa kwa Netscape. Wengine wakaiga, na hata sasa Chrome, Safari na Firefox hujitambulisha kwa neno hilo hilo. Jina basi halisemi kitu. Kinachofaa kuulizwa ni uwezo: je, agizo hili unalijua? Tena CSS ina kanuni yenye busara, kwamba kivinjari kisichoelewa agizo hulipuuza na kuendelea na lifuatalo. Mwandishi aweza kutanguliza agizo rahisi, mathalani rangi moja ya usuli, kisha chini yake agizo jipya la rangi zinazochanganyika. Kivinjari cha zamani hubaki na la kwanza. Kipya huchukua la pili. Hakuna anayekosa maneno.

Kwa wanaisimu wa lugha za Kiafrika, lakini, hitilafu iumizayo zaidi haihusu visanduku. Inahusu herufi. Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ, herufi zisizokuwamo katika orodha ya Ulaya Magharibi iliyotumiwa na kurasa nyingi za mwanzo. Ukurasa ulioandikwa kwa UTF-8 ukisomwa kwa orodha ya Windows, Gĩkũyũ hugeuka GÄ©kÅ©yÅ©. Wengine walikwepa kwa kuandika i na u tupu, yaani walifuta tofauti ya fonimu ili kuiridhisha mashine. Kiswahili nacho hakikusalimika, ingawa herufi zake ni za kawaida. Programu za kuandikia huugeuza ritifaa wa ng' kuwa alama iliyopinda. Katika orodha ya Windows alama hiyo ni namba 146, mahali ambapo orodha ya kimataifa ISO 8859-1 haina herufi ya kuchapwa. Katika kompyuta zisizo za Windows ng'ombe akaonekana mara nyingi kama ng?ombe. Siku hizi kosa huja kinyume, naye huonekana kama ng’ombe.

Tiba ni kuihifadhi matini kwa UTF-8 na kulitangaza jambo hilo mwanzoni kabisa mwa ukurasa, ndani ya baiti 1024 za kwanza, kisha kuhakikisha kwamba seva haitangazi jingine, maana tangazo la seva ndilo hupewa uzito zaidi. Inafaa pia lugha ya matini itajwe, sw kwa Kiswahili, ki kwa Kikuyu, ili programu inayowasomea wasioona isitamke Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

Internet Explorer 11 iliondolewa katika matumizi ya kawaida Juni 2022, na Edge imekuwa ikitumia injini moja na Chrome tangu 2020. Tangu 2022 makampuni makubwa hupima pamoja tofauti zilizosalia katika mradi uitwao Interop. Lakini wingi wa Chrome umeleta uvivu wa kujaribu ukurasa mahali pamoja tu. Opera Mini, kwa mfano, inapobana data kwa kiwango cha juu, huutayarisha ukurasa katika seva za mbali na kuipelekea simu matokeo tu. Menyu iliyotegemea programu ndogo za ukurasani huenda isifunguke. Idara inayotoa matini zake kwa njia hii yafaa izipitishe kwanza katika kihakiki cha W3C, kisha izifungue katika Firefox, katika Safari, na katika simu ya bei nafuu ya mwanafunzi mmojawapo, ikianza na ukurasa wenye ĩ, ũ na ng' nyingi kuliko kurasa nyingine.